Nenda ulete supape

Kwa garaje moja ya pikipiki niliona kijana anayejifunza kazi, siku yake ya tatu, anatumwa: «Kimbia kwa duka, ulete supape ya hii motere.» Ilikuwa motere ya tempo mbili. Muuzaji akamutuma kwa duka ingine, ile ingine vilevile. Alirudi na jasho, mikono mitupu, wote wakaanguka na kicheko. Na mimi nilicheka.

Motere ya tempo mbili haina supape sawa zile za tempo ine: pistoni yenyewe njo inafungua na kufunga matundu ya silinda. Somo zuri kabisa! Lakini hakuna mutu alimuelezea. Mafundi walirudilia kazi, yeye akabaki anaangalia chini.

Mchezo huu ni wa kila mahali. Wafaransa wanatuma mugeni kutafuta nyundo ya kukunja vioo. Sikatai kicheko, kazi ya mafuta na moshi inakiomba. Nakataa kicheko chenye hakifuatwi na maelezo. Juu kesho watamutuma chombo cha kweli, ataogopa kuuliza, atachukua kle yoyote na kuharibu kichwa cha buloni. Na kama ni buloni ya freni?

Hapa kwetu interna tunatuma wapya kutafuta funguo ya uwanja wa mupira. Wakubwa, mukiisha kucheka, mumuambie uwanja hauna mulango. Tena mumuonyeshe fasi ya kuchota maji, maana siku ya kwanza hiyo njo anatafuta.