Staa wa "Usingizi ni wa Maskini" Mwenyewe Analala Saa Ngapi?

Kuna staa mmoja hapa Dar, jina lake libaki kabatini, ambaye kila Jumatatu alfajiri lazima aamshe watu. Saa kumi na moja kamili video inashuka: yupo gym, jasho linamtoka, anawaambia mashabiki usingizi ni wa maskini, likizo ni ya wavivu, na kijana anayeshinda Coco Beach Jumapili akila mihogo hana ndoto. Chini yake mioyo na moto kama vyote. "Kaza mwanangu!" "Hatulali!"

Swali dogo tu kwa huyu mwamba: hiyo video nani kashika kamera?

Maana aliyeshika kamera saa kumi na moja aliamka saa tisa, akapanda bodaboda kutoka Mbagala, na usiku wake alikuwa anaediti mpaka saa sita. Huyo ndiye asiyelala. Staa mwenyewe video ikiisha anarudi kitandani hadi saa saba mchana, na wote wa karibu yake wanajua kabla ya hapo simu haipokelewi. Na wala si kosa! Mtu kapiga shoo usiku kucha, alale. Kosa ni kuwauzia watoto wa watu kukosa usingizi wakati wa kwako umeuficha chini ya mto.

Halafu hili la bata. Picha za boti, picha za bwawa, glasi mkononi, "maisha ni mafupi wadau". Boti imekodiwa kwa saa. Ndani ya hiyo saa moja anabadilisha nguo mara tatu, hakuna anayekula, hakuna anayeingia majini kwa sababu nywele zitaharibika. Sasa hilo ni bata gani? Hiyo ni kazi, tena kazi ngumu. Kwa hiyo jamaa akilala anasema yuko kazini, akiwa kazini anasema anakula bata, na shabiki wa huku chini anaenda kukopa kausha damu ili apige picha kama ile.

Umri ndiyo usiseme. Ametimiza miaka 27 mara ya nne sasa. Waliomaliza naye darasa la saba wana watoto wanaojiandaa kwenda sekondari, yeye bado "kijana mdogo anayepambana". Kidogo anaeleweka, mjini hapa ukishaonekana mtu mzima promota hapokei simu. Lakini mwili hausomi Insta. Na mwili wa kwanza kulipa haukuwa wake.

Ulikuwa wa dansa wake. Miaka tisa nyuma yake jukwaani, kila shoo yupo, mazoezi mpaka usiku wa manane kwenye sakafu ya saruji. Goti likagoma. Akapewa nauli na "pole sana bro", na kabla wiki haijaisha nafasi yake ikachukuliwa na dogo wa miaka 19. Hakuna mkataba, hakuna fidia, hakuna hata posti ya kumuaga. Miaka tisa ni miezi 108. Pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango isiyopungua 180, yaani kijana angekuwa keshavuka nusu ya safari. Ana sifuri.

Ukiuliza unajibiwa, "Hawa si wafanyakazi, hii ni familia." Sawa. Familia gani inayotozana faini kwa kuchelewa mazoezi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Na sheria inatazama kazi ilivyofanyika, haitazami jina la mapenzi mliloipa. Anayepangiwa saa, nguo na safari na mtu mmoja kwa miaka tisa hawezi kuitwa mpwa siku goti linapouma.

Watakuja wa kusema huo ni wivu, jamaa katoka uswahilini kwa jasho lake. Kweli katoka, na heshima yake apewe. Ila mama lishe anayewasha moto saa kumi alfajiri anajua kupambana kuliko gym nzima ya Masaki, na Jumapili anafunga banda, anaenda ibadani, akirudi analala na kanga yake mlangoni upepo umpige. Hajawahi kumwita mtu mvivu. Hana muda huo. Na wale wa Coco Beach wanaosimangwa, wengi wamesimama dukani Kariakoo siku sita. Muhogo na pilipili siku ya saba wameulipia kwa hela yao, bila mkopo, na simu iko mfukoni.

Mwezi ujao ni birthday ya staa. Kadi zimeshaanza kuzunguka, nguo nyeupe tupu, namba ya kwenye keki haijatajwa. Yule dansa wa goti hajaalikwa. Mpiga picha wa Mbagala kaalikwa, ila kaambiwa aje na kamera.