Mkono mmoja haulei mwana



Katika mitaa yetu ya Kisangani, tangu Mangobo mpaka Kabondo, tangu Makiso mpaka Lubunga ng'ambo ya mto, kuna sifa moja ambayo watu wanapenda kumpa mama anayelea watoto peke yake. Wanamwambia: "Mama, weye njo baba, weye njo mama." Wanasema hivyo kwa kumtia moyo, naye anacheka na kushukuru. Lakini tukiangalia vizuri, sifa hiyo ni mzigo juu ya mzigo. Hakuna mtu anayeweza kuwa watu wawili. Anayejaribu anachoka, anakuwa mkali, na mwishoni watoto wanakosa hata yule mmoja waliyekuwa naye.

Mwezi huu ukurasa wetu unaongea na wazazi hao, na vilevile na majirani wao.

Ni nani hao?

Wa kwanza ni wajane. Mji wetu unawajua. Katika vita vya siku sita, tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya nyumba zetu, na mamia ya raia walikufa. Watoto walioachwa siku zile ni watu wazima leo, na wengi wao walilelewa na mama tu. Kisha, mwaka 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola upande wa Lubunga ulifanya wajane wengine na kuwakimbiza watu wengi kutoka vijiji vyao.

Wa pili ni wale ambao bwana yuko hai lakini hayuko. Tangu miaka ya 1980, wakati wa Zaire, serikali iliporuhusu raia kuchimba dhahabu na almasi, vijana na baba wengi walishika njia ya karieri, upande wa Banalia na Bafwasende. Wengine walirudi na feza, wengine walirudi na ugonjwa, na wengine walipata bibi mwingine kulekule. Mama anayebaki hapa si mjane, wala hakuachwa mbele ya watu. Anangoja tu, na kungoja hakununui chumvi.

Wa tatu ni wasichana waliozaa wakiwa kwa wazazi wao, na kijana akakana au akakimbia. Wa ine ni akina baba. Tusiwasahau! Baba aliyefiwa na bibi yake anaambiwa siku ya kilio kwamba atafute mwingine haraka, na watoto wanagawanywa kwa shangazi na nyanya kama vyombo vya nyumba. Baba anayetaka kubaki na watoto wake anachekwa. Kwa nini? Kufua nguo ya mtoto hakumwondolei mwanaume heshima.

Siku ina masaa yaleyale

Tuchukue mfano wa mama anayeuzisha pondu na makemba. Kabla jogoo hajawika amekwisha kutoka, ili apate vitu vya bei nzuri kwa watu wanaofika na mitumbwi. Anashinda sokoni juani. Jioni anarudi, anapiga pondu, anapika fufu, anachota maji. Watoto wanapokula, yeye anahesabu franga: hizi za kununulia vitu kesho, hizi za nyumba, hizi za deni. Mtoto anasimama mbele yake na kaye mkononi: "Mama, mwalimu amesema..." Mama anajibu: "Niache kwanza."

Huyu si mama mbaya. Ni mama aliyemaliza nguvu. Katika nyumba ya wazazi wawili, mmoja akichoka mwingine anasikiliza. Hapa hakuna mwingine. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni dogo: chagua robo saa moja kila siku, hata kama ni wakati wa kuchambua majani ya pondu, ambayo ni ya watoto tu. Usihesabu feza, usimgombeze mtu. Uliza: leo mulifanya nini? Nani alikusumbua? Mtoto anayejua kwamba saa yake itafika anaweza kungoja. Anayejua kwamba haifiki kamwe anatafuta masikio mengine njiani, na si masikio yote ni mazuri.

Binti mkubwa si mama wa pili

Katika nyumba nyingi za namna hii kazi ya mzazi anayekosekana inaangukia mtoto mkubwa. Msichana wa miaka kumi na miwili anapika, anaogesha, anabeba mdogo mgongoni, anachelewa masomo kisha anayaacha. Kijana wa miaka kumi na mitano anaambiwa: "Sasa weye njo papa wa nyumba." Kama yeye ni papa, atakaa masomoni namna gani? Atatafuta feza. Na kwetu feza ya haraka iko karieri.

Mtoto kusaidia ni vizuri, na ndiyo desturi yetu. Lakini kusaidia na kubeba nyumba ni mambo mawili. Kipimo ni hiki: je, kazi anayofanya inamwachia saa ya kusoma, saa ya kucheza na usingizi wa kutosha? Kama sivyo, umempa mzigo wa mtu mzima. Gawa kazi kwa wote, wavulana na wasichana. Mvulana anayejua kupika fufu hatakufa njaa, na bibi yake wa kesho atakushukuru.

Karatasi zina nguvu

Wazazi wengi wanafikiri habari za karatasi ni za watu wa ofisi. Si kweli. Mzazi aliye peke yake anazihitaji kuliko wengine.

Mtoto anapozaliwa, mwandikishe kwa ofisi ya etasivili ya komini yako. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyogeuzwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016, inatoa siku 90. Zikipita, itakubidi kupitia tribinali, na huko kuna safari na matumizi.

Sheria ileile inasema kwamba kila mtoto Mkongomani anapaswa kuwa na baba, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa. Basi, msichana uliyeachwa na mimba, usione haya. Jambo hili lizungumzwe kwanza katika jamaa zote mbili. Baba akikubali, aende mbele ya afisa wa etasivili amtambue mtoto. Akikataa, iko tribinali ya watoto, iliyowekwa na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009. Kumtambua mtoto si kulazimisha ndoa. Ni kumpa mtoto jina na haki yake. Katika urithi, kundi la kwanza ni watoto waliozaliwa katika ndoa, wale wa nje ya ndoa waliotambuliwa baba angali hai, na wale aliowachukua kisheria kuwa wake. Kundi hilo linapata robo tatu za mali.

Na wajane? Tunajua vile inavyokuwa: kilio hakijaisha, ndugu za marehemu wanahesabu viti na mabati. Sheria inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na bwana wake. Lakini ni lazima aonyeshe kwamba ndoa iliandikwa. Ninyi mulio wawili leo, ambao mulimaliza mahari lakini hamukufika komini, nendeni wakati nyote mungali na miguu. Wekeni karatasi za ndoa, za vizazi na za parsela mahali pamoja, na mtu mmoja mwaminifu ajue ziko wapi.

Feza ndogo, mpango mkubwa

Tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya msingi ni bure katika masomo ya serikali, pamoja na yale yanayoongozwa na makanisa kwa mapatano na serikali. Ni msaada mkubwa. Lakini kaye, viatu na nguo za masomo si bure, na masomo ya sekondari yanalipwa. Mwezi wa tisa unamkuta mama peke yake na watoto wanne mlangoni.

Akina mama wa soko wanajua dawa: likelemba. Watu kumi wakitoa kila mmoja franga 5.000 kila juma, kila juma mmoja anashika 50.000. Zamu yako iombe mwisho wa mwezi wa nane. Usiingie likelemba mbili kwa feza za mtaji mmoja, wala usichukue zamu kwa kulipa deni la nguo. Na muandike majina na zamu katika kaye moja, maana palipo kaye ugomvi ni mdogo.

Usiku wa homa

Jambo linalomtisha mzazi wa peke yake kuliko mengine linafika usiku. Mtoto anashikwa na malaria, mwili unawaka moto, lazima kwenda lopitali. Wengine watatu wanabaki na nani? Na kama anayeugua ni mama mwenyewe?

Usingoje usiku huo ufike ndipo uanze kutafuta. Leo, mchana, nenda kwa jirani unayemwamini, useme wazi: "Mama, kama nikipiga mlango wako usiku, utakuja kulala na batoto bangu?" Naye akuombe vilevile. Kisha weka feza kidogo ya moto au ya toleka mahali pasipoguswa. Tena waambie jamaa yako mbele ya mashahidi nani atawachukua watoto kama wewe ukikosekana, na kwamba hawatatawanywa. Kuongea hivyo si kuita kifo. Ni kufunga mlango mbele ya mvua.

"Papa iko wapi?"

Siku moja mtoto atauliza. Mwambie ukweli unaolingana na miaka yake. Kwa mdogo inatosha: "Papa alienda mbali, mimi niko hapa, siendi." Kwa mkubwa unaweza kueleza zaidi. Usimdanganye kwamba atarudi kesho, wala usimtukane baba yake mbele yake, hata kama amestahili. Mtoto anajua kwamba nusu ya damu yake inatoka kwa yule unayemtukana. Na akikosa, usiseme "Weye ni kama baba yako." Neno hilo linakaa moyoni miaka mingi.

Tafuta pia mtu mzima mwingine wa kuaminika: mjomba, mwalimu, mzee wa jumuiya. Hatakuwa baba, lakini kijana atamwona mwanaume anayeamka mapema, anayetimiza neno lake na asiyepiga bibi yake.

Ninyi majirani

Mwisho, neno kwa wale walio wawili nyumbani. Maneno ya kusikitika hayapiki. Mjane anasaidiwa sana siku arobaini, kisha kila mtu anarudi kwake, na hapo ndipo shida inaanza. Afadhali msaada mdogo wenye siku yake: kila siku ya tatu watoto wake wanakula kwako, kila siku ya posho bwana wako anarekebisha mlango au bati lake. Na vijana munaosoma ukurasa huu, chukua watoto wawili wa jirani, uwaonyeshe hesabu jioni.

Na wewe mzazi, omba bila haya. Mtu akikuambia tena kwamba wewe ni baba na mama, mjibu kwa upole: "Hapana, mimi ni mama tu. Basi njoo, unisaidie."