Ukaazi na Uraia wa Nje kwa Uwekezaji: Tujue Tunachonunua Kabla ya Kuuza Chetu



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Sahaba zake.

Ama baad. Tumekuwa tukiulizwa: inafaa familia kuuza nyumba au shamba ili mmoja wao awekeze nje, apate ukaazi na baadaye uraia? Asili ya jambo ni halali. Wazee wetu wengi walifika visiwani kwa pepo za kaskazi kutafuta rizki, wakabakia. Tunachokihofia ni mambo matatu.

Kwanza, ukaazi si uraia. Imarati hutoa ukaazi wa miaka 10 kwa anayenunua mali ya dirham milioni 2, lakini ukaazi huo haugeuki kuwa uraia kwa kupita miaka. Oman tangu 2021 inatoa ukaazi wa mwekezaji wa miaka 5 au 10. Ama uraia, sheria yake ya 2025 inataka miaka 15 ya kuishi huko na kuacha uraia wa zamani. Uturuki ndiyo inayotoa uraia wenyewe: tangu Juni 2022 ni nyumba ya dola 400,000 isiyouzwa kwa miaka 3. Na milango hii hufungwa. Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mpango wa Malta wa kutoa uraia kwa fedha unakwenda kinyume na sheria za Umoja huo, na mwezi huohuo Hispania ikafunga wake wa ukaazi.

Kwa hivyo wakala anayesema "uraia ni uhakika" anauza kisicho chake, kwani uamuzi ni wa dola. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza asichokuwa nacho. Ujira wa kazi ya kutayarisha makaratasi ni halali. Kuuza ahadi ni gharar. Vilevile kuandikisha nyumba kwa bei ya juu kuliko thamani yake ili kiwango kitimie ni ushahidi wa uongo, na kukopa kwa riba ili kujazia ni haramu.

Pili, uraia wetu. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayechukua uraia wa nje kwa hiari yake anapoteza wa hapa, na hadhi maalum kwa diaspora si uraia. Kwa Zanzibar hili linagusa ardhi: haki ya matumizi ya ardhi, kwa sheria ya 1992, ni ya Mzanzibari, na mgeni hukodishwa tu. Katika fiqhi, Muislamu hazuiwi kumrithi baba yake kwa sababu ya kubadili paspoti. Lakini fungu lake likiwa ni shamba, sheria ya ardhi inaweza kumzuia kuliandikisha kwa jina lake. Basi familia imuone wakili mapema, na mirathi igawiwe kabla mtu hajaapa kiapo cha uraia mpya.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mali ni ya nani? Nyumba nyingi zinazouzwa ni za marehemu na hazijagawiwa. Kaka mkubwa hana haki ya kuuza fungu la dada zake kwa sababu wamenyamaza kwa haya. Ridhaa iwe ya wazi, mbele ya mashahidi, na iandikwe: ni mkopo, ni hiba, au ni ushirika wenye mafungu yanayojulikana. Ama fungu la yatima, walii haruhusiwi kulitoa hiba wala kulikopesha kwa ajili ya paspoti ya mtu mwengine. Onyo la Suratun Nisaa kwa wanaokula mali ya mayatima linatosha.

Atakayetimiza haya, akaenda kwa mali yake halali, akachunga Sala na malezi ya watoto wake, tunamuombea kheri. Asiyeweza, nyumba ya mzee wake ni bora kuliko paspoti yenye haki za watu ndani yake.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.