Nyumba Njema si Mlango: Funzo la Kabati za Upper Hill

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Nairobi kuonana na daktari. Tulifikia kwa mpwa wangu, kijana aliyepanga nyumba ya vyumba viwili huko Upper Hill, ghorofa ya saba. Mama alizunguka nyumba nzima akitafuta kabati la nguo, asilione. Nguo, vyombo na viatu, vyote vimo ukutani. Akacheka: "Kumbe na hawa wana zidaka!"

Mama hakukosea. Atakaye kuona zidaka zenyewe naende Lamu, aingie ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho. Mafundi wa karne ya 18 walijenga kuta nene za matumbawe na chokaa, wakaacha vishubaka safu juu ya safu, wakavitia nakshi. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kutoka China na vitu vya thamani vya mwenye nyumba. Chumba hakikupoteza hata shubiri moja, kwa sababu rafu ilikaa ndani ya unene wa ukuta.

Upper Hill imefikia hapo kwa njia nyingine. Zamani kilima kile kilikuwa na nyumba za maafisa wa reli, za chini, zenye bustani. Leo pana jengo la Britam la mita 200, mabenki, hospitali na maghorofa ya kupangisha. Ardhi ikipanda bei, vyumba hupungua. Piga hesabu mwenyewe: chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita za mraba 9. Weka kabati la kina cha sentimita 60 ukuta mzima, limekula mita 1.8, yaani sehemu moja kwa tano ya chumba. Ukuta wa matofali ya siku hizi ni mwembamba, hauchimbiki kidaka. Lakini mchoraji akilipanga kabati tangu mwanzo, laweza kusimama mahali pa ukuta wa kugawa vyumba viwili, nafasi ikaokoka. Kazi hiyo hufanywa kwenye ramani. Mpangaji akishaingia, muda umepita.

Usiku ule nilifungua kabati la chini ya sinki nichukue sufuria. Ubao wa chini umevimba kama mkate uliolowa, bawaba zimelegea. Nikamuuliza mpwa wangu kulikoni.

"Mjomba, hii ni afadhali," akanijibu. "Nyumba niliyotoka, kabati lilivimba hivi hivi kwa bomba lao linalovuja, na pesa zangu za diposti zikakatwa kulilipia."

Hapo ndipo penye kisa, ndugu msomaji. Kabati nyingi za kisasa ni za chipubodi au MDF, yaani unga na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, juu pakabandikwa sura ya mbao. Si vibaya pakiwa pakavu. Maji yakipenya ukingoni, ubao hufura na haurudi tena. Na kwa kuwa kilichopigiliwa ukutani huhesabiwa sehemu ya nyumba, mpangaji hawezi kuliondoa wala kulibadilisha kwa hiari yake. Lakini likiharibika, huulizwa yeye.

Kwa nini nawaletea watu wa pwani habari za Nairobi? Kwa sababu kabati hizo zimeshafika kwetu. Tazama maghorofa mapya ya Nyali, Kizingo na Tudor. Mchoro ni ule ule na ubao ni ule ule, ila hewa ni nyingine. Unyevu wetu na chumvi ya bahari havina huruma na gundi wala bawaba za chuma. Kinachodumu miaka kumi Upper Hill chaweza kuoza mapema sana hapa. Wazee walichagua mvule na mbambakofi kwa sababu walijua wanaishi wapi.

Jambo hili ni la umma pia. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ipite mwezi Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Tunabishana sana kuhusu idadi ya nyumba na nani atapewa. Ni wachache wanaouliza ndani yake mna nini. Nyumba ndogo isiyo na rafu hujaa masanduku na magunia, na baada ya mwaka watoto hawana pa kukaa wasome.

Kuna na riziki ndani yake. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza ushuru wa asilimia 35 kwa fanicha zinazotoka nje ya jumuiya, kusudi kazi ibaki nyumbani. Basi na ibaki kweli. Kabati za nyumba za serikali zitakazojengwa pwani zipewe maseremala wa Lamu, Malindi na Mombasa, mkataba utaje aina ya ubao, na palipo na maji pasitiwe chipubodi.

Nawe unayepanga, kabla ya kutia saini, fungua kila kabati, bonyeza ubao wa chini ya sinki, piga picha zenye tarehe, na dosari ziandikwe kwenye mkataba. Unayenunua, uliza kabati ni za ubao gani kabla hujauliza rangi.

Asubuhi tulipokuwa tukiondoka, mama aliligonga lile kabati kwa kidole, akasikiliza. "Zuri," akasema, "lakini halitafika kwa wajukuu." Zidaka za nyumba aliyozaliwa yeye zimeshapita vizazi vitano.