Jasho la Ng'ambo Lisinyonywe Njiani

Umezuka mtindo wa kuwalaumu Watanzania waishio ng'ambo kwamba hawana uzalendo, kwa kuwa baadhi yao hawapitishi fedha zao katika mabenki, bali huwakabidhi wasafiri au watu wa hawala wazifikishe nyumbani. Lawama hizo husikika katika semina na mikutano, na aghalabu hutolewa na watu ambao hawajapata kutuma hata senti moja kutoka London au Toronto. Ni lawama zinazomwachia mkosaji na kumkamata aliyekosewa. Kabla ya kuuliza kwa nini mtu anaikwepa benki, yafaa iulizwe kwanza benki inamkata kiasi gani.

Kwa hesabu za Benki ya Dunia za mwaka 2023, kutuma dola 200 katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuligharimu kwa wastani karibu asilimia 8, yaani dola 16. Na ikumbukwe kwamba atumaye si bepari. Ni mwuguzi, ni mlinzi wa usiku, ni mfagiaji wa maofisi aliyejinyima chakula cha mchana. Apokeaye naye ni mama mzee anayengoja dawa, au mwanafunzi anayengoja sare na madaftari. Makato hayo hayarudi mara moja kwa mwaka. Yanarudi kila mwezi. Bandu bandu huisha gogo.

Wakubwa wa dunia hawakukosa kuahidi. Mwaka 2009, mataifa manane tajiri yalipokutana L'Aquila, Italia, yaliazimia kuishusha gharama hiyo kutoka asilimia 10 hadi asilimia 5 katika muda wa miaka mitano. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaweka lengo la kuifikisha chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Muda wa ahadi ya kwanza ulikwisha zamani, muda wa ahadi ya pili unayoyoma, na mnyonge angali anakatwa. Ahadi ni deni, lakini deni hili halina anayelidai.

Sababu moja ya kutodaiwa ni kwamba sehemu kubwa ya makato haionekani. Makato ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ada, nayo imeandikwa katika risiti. Ya pili imefichwa ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha, nayo haiandikwi popote. Chukua mfano wa hesabu tu. Ikiwa pauni moja sokoni ni shilingi 3,400, na kampuni inamhesabia mtumaji shilingi 3,250, basi katika pauni 200 zimepotea shilingi 30,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 4, na juu ya mlango wa kampuni hiyohiyo limebandikwa tangazo kubwa kwamba kutuma ni bure! Mwalimu wa shule ya msingi aweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni na watoto wakaielewa. Kampuni haikosi kuielewa. Inachotegemea ni kwamba mtumaji hataifanya.

Watetezi wa makampuni husema kwamba gharama ni kubwa kwa sababu ya mawakala, usalama, na sheria za kuzuia fedha haramu. Gharama hizo zipo, na hakuna anayezikana. Lakini hazielezi yote. Kenya ilianza kutumia M-Pesa mwaka 2007, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Tangu hapo imedhihirika kwamba fedha kidogo za mtu mdogo zaweza kupita katika simu hadi kijijini bila ya jengo la benki wala foleni. Hesabu za Benki ya Dunia zenyewe zinaonyesha kwamba kutuma kwa njia ya simu na mitambo ni rahisi kuliko kutuma fedha taslimu mkononi. Ikiwa chombo kimekuwa rahisi na bei haijashuka kwa kiasi hicho, tofauti hiyo imo mfukoni mwa mtu.

Wala si wageni peke yao wa kunyooshewa kidole. Kwa miaka mingi njia za kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda kwa majirani zake wa Afrika Mashariki zimekuwa miongoni mwa zile ghali kuliko zote duniani. Serikali zinazohubiri udugu wa Afrika Mashariki hazina budi kujibu ni udugu gani huu, ambao shilingi ikivuka mpaka inanyolewa kuliko pauni inayovuka bahari.

Huko Marekani nako, tangu tarehe 1 Januari 2026, kodi ya asilimia 1 inatozwa kwa fedha zinazotumwa nje kwa malipo ya taslimu. Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya nchi hiyo, au kwa kadi iliyotolewa huko, hatozwi. Kwa maneno mengine, mwenye akaunti anapita, na kibarua asiyekuwa nayo ndiye anayelipa.

Yanayotakiwa yanajulikana. Kwanza, sheria imlazimishe kila mtoa huduma aonyeshe, kabla ya fedha kupokewa, ada yake pamoja na kile alichokata ndani ya kiwango, kwa shilingi, si kwa mafumbo. Pili, mikataba inayomfunga wakala wa benki au posta asiihudumie kampuni nyingine ipigwe marufuku. Tatu, viwango vya kila kampuni vitangazwe redioni na magazetini kila mwezi, kama inavyotangazwa bei ya mazao, ili jogoo lisiwike gizani. Nne, nchi za Afrika Mashariki zianze na mipaka yao wenyewe.

Wafanyakazi wa Serikali na walimu wana wajibu wa pekee katika jambo hili, kwa kuwa wao ndio wanaoombwa kusoma ujumbe wa simu na kuandika barua za kujibu ng'ambo. Wasiishie kusoma kiasi kilichofika. Waulize kilichotumwa, watafute kiwango cha siku hiyo, watoe, kisha wamwonyeshe mzazi ni shilingi ngapi zilizobaki njiani. Siku wazee wa kijiji watakapoijua hesabu hiyo, hakuna semina itakayothubutu tena kumwita mwanao msaliti kwa kukataa kunyonywa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.