Chokaa na Hoteli ya Shangani
Hoteli ya Serena, inayotazama bahari katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, imo ndani ya jengo ambalo halikujengwa kwa ajili ya wageni, bali kwa ajili ya telegrafu, yaani habari zilizopelekwa kwa ishara za umeme kupitia waya uliolazwa chini ya bahari, ambao tangu mwaka 1879 uliiunganisha Zanzibar na Aden na kusini mwa Afrika. Jengo hilo lilikarabatiwa na taasisi za Aga Khan, na hoteli ikafunguliwa mwaka 1997, miaka mitatu kabla ya UNESCO kuuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Thamani ya kazi ya namna hii haimo katika fahari ya vyumba, bali katika vifaa: kuta za kale za mji huu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko, ambayo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Chokaa huuruhusu unyevu kutoka, ilhali saruji huufungia ndani, chumvi ikaganda na kulimomonyoa jiwe lenyewe, hivi kwamba plasta ya saruji, hata ikipakwa kwa nia njema kabisa, huharakisha uharibifu uliokusudiwa kuzuiwa. Wamiliki wa nyumba kongwe za pwani, wenye hoteli na wasio nazo, wawatafute mafundi wa chokaa kabla ya kununua mfuko wa saruji.