Saa mbili ya nani katika kalenda ya chuo?

Mwaka jana chuo kikuu ninakofundisha kiliwahamisha wafanyakazi wake wote, kuanzia wasimamizi wakuu hadi makarani wa mapokezi, kutoka mfumo wa zamani wa barua pepe na kuwaingiza katika mfumo mpya ulioandamana na kalenda. Tulipewa nywila mpya, tukakusanywa ukumbini kwa muda wa saa moja na nusu kuelekezwa, na tukaambiwa kwamba tangu Jumatatu iliyofuata mikutano, mitihani na likizo zote zingepangwa humo. Sikulalamika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mfumo wa zamani ulikuwa umetuchosha kwa kukwama kila majira ya mitihani.

Hata hivyo, mwezi haukuisha kabla ya mgeni huyu kutuonyesha ugonjwa ambao hatukujua tunao. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, ambaye ni mwalimu wa shule ya upili, alikuwa amepangiwa kuitetea tasnifu yake saa mbili asubuhi. Idara yetu huandikiana kwa Kiswahili, kwa hivyo katika shajara ya zamani palikuwa na maneno mawili tu: "saa mbili". Kijana aliyepewa kazi ya kuhamisha miadi yetu hadi kwenye kalenda mpya aliandika 2:00, mchana. Kalenda nayo, kwa utiifu wa kupigiwa mfano, ikatutumia watahini wa ndani mwaliko wa saa nane. Nami niliuona mwaliko huo, nikaukubali, wala sikushangaa.

Mtahini wa nje alikuwa ameandikiwa barua kabla ya uhamisho. Alisafiri usiku kucha, akabisha mlango wa idara saa mbili kasorobo asubuhi. Alimkuta mtahiniwa, aliyeijua saa yake barabara, amevaa suti na kushika nakala tatu za tasnifu. Hapakuwa na mtu mwingine. Mimi, niliyekuwa msimamizi wa tasnifu hiyo, nilikuwa darasani katika bewa jingine, simu nimeizima, nikiamini kwamba nina wakati tele. Tulipokutana saa nane, mgeni alikuwa keshaondoka kuwahi safari yake. Kikao kiliahirishwa, siku ya mwisho ya kuwasilisha majina ya mahafali ikapita, na mwalimu yule akalazimika kungoja mwaka mzima. Kupandishwa cheo kwake kulikuwa kukiitegemea shahada hiyo.

Je, nani alaumiwe? Kalenda ilifanya ilichoambiwa. Kijana yule alisoma mbili akaandika 2. Lawama inatuangukia sisi tunaojiita wataalamu wa lugha, ambao tuliketi ukumbini siku ya maelekezo tukidhani kwamba suala lililo mbele yetu ni la mitambo pekee.

Mswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza na tangu linapotua. Hesabu hii haikuzuka hivi hivi. Katika nchi iliyokatwa na ikweta, wakati wa mawio haubadiliki kwa zaidi ya takriban nusu saa mwaka mzima, na kwa hivyo jua lenyewe ni saa ya kutegemewa. Huko London, ambako jua la Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na la Desemba baada ya saa mbili asubuhi, hesabu kama hiyo isingemfaa mtu. Ndiyo maana mshale wa saa ukielekea 8 sisi husema mbili: tunaitaja tarakimu inayoikabili. Mkenya huzitafsiri saa hizi kila siku bila kujitambua. Akizungumza Kiingereza ni saa nane, akigeukia Kiswahili ni saa mbili, na hachelewi kazini. Kalenda ya tarakilishi haina ujuzi huo, wala haiwezi kuupata asipokuwapo wa kuufundisha.

Wala si saa pekee. Kwa wazee wa Lamu na Mombasa siku huanza magharibi, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Kalenda mpya huianza siku katikati ya usiku. Magazeti yetu yaliitambua hatari hiyo zamani, yakazoea kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Vyuo vyetu je?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mnamo 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi huiadhimisha kwa hotuba na ngoma. Lakini ukumbini hapakutamkwa hata mara moja kwamba mfumo tunaoingia unaweza kutumiwa kwa Kiswahili. Mifumo mikubwa ya barua pepe, Gmail ikiwamo, inacho Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Tena jambo hili si geni Afrika Mashariki. Katika mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice, zilizosanifiwa kwa Kiswahili. Istilahi tunazo, na wa kuzitumia tupo. Kinachokosekana ni mtu wa kuifungua orodha hiyo na kuwaonyesha wenzake.

Wako wenzangu watakaosema kwamba dawa ni kuiacha saa ya Kiswahili na kufuata ya mtambo, tuepukane na utata. Siafikiani nao. Mwalimu atakayeizika saa hiyo chuoni ataikuta imefufuka sokoni, kwenye matatu na katika darasa lake la kwanza la shule ya msingi. Utata hauondoki kwa kuinyamazisha lugha ya wengi. Huondoka kwa kuandika kwa uangalifu.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tangazo la Kiswahili litaje kipindi cha siku pamoja na tarakimu za saa ishirini na nne: saa mbili asubuhi, 08:00, saa mbili usiku, 20:00. Pili, chuo kinapohamisha mfumo, idara za lugha zishirikishwe tangu mwanzo, na maelekezo yatolewe kwa lugha zote mbili rasmi. Tatu, miadi ya mitihani isihamishwe na mtu mmoja asiyeijua. Ipitiwe na idara husika kabla ya kalenda kuanza kutuma mialiko. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha za ziada.

Mwalimu yule aliitetea tasnifu yake mwaka huu, akafaulu. Mwaliko niliuandika mwenyewe: saa mbili asubuhi, 08:00. Tulifika sote, nami nilikuwa wa kwanza.